Mchwa Aliyesahau Nusu ya Wimbo

Naleta hadithi!

— Ilete nzima!

Ina mkia!

— Usiukate!

Ina chumvi!

— Koleza, Bibi Nyamizi, koleza!

Haya, sogeeni. Lakini mikono isiache kupukuchua. Mahindi hayajipukuchui yenyewe eti kwa kuwa nimefungua mdomo. Limi, mjukuu wangu, nisogezee ungo huku kulia, mkono wa kushoto siku hizi unataka kubembelezwa. Na wewe Mihayo unayenong'ona kwamba hadithi ya mchana huotesha pembe, papasa kichwa chako. Umeota? Hujaota. Basi tuendelee.

Hapo zamani za kale, palikuwa na kichuguu porini. Si kichuguu cha kukanyaga na kupita. Kilikuwa kirefu, chekundu, kimesimama wima, na vichuguu vingine vyote vilikionea wivu.

Ndani yake waliishi mchwa. Walikuwapo waashi, walikuwapo wakulima wa uyoga, walikuwapo askari wenye vichwa vikubwa na maneno machache. Na katikati kabisa, katika chumba cha ndani, aliishi Mama.

Mama hakujenga, hakulima. Kazi yake ilikuwa kutoa joto. Mama akishiba, kichuguu kizima kina joto na kazi zinakwenda. Mama akilala njaa, kichuguu kizima kinasinzia. Na Mama akifa?

— Kichuguu kinakufa!

Mmejibu vizuri. Mjue basi kwamba mchwa wa zamani hizo hawakuzaliwa kama mchwa wa leo. Mchwa alijigawa. Alisimama, akaimba wimbo wake, akazunguka mara tatu, na aliposimama tena walikuwa wawili. Sawasawa kama walivyo mapacha Kulwa na Doto, hata mama mzazi angewachanganya.

Lakini hakujigawa ovyo, maana palikuwa na desturi. Kwanza alibisha ukuta wa jirani kwa kichwa.

— Ko! Ko! Ko!

Hivyo hivyo. Akauliza, "Jirani, pana nafasi?" Jirani akijibu "Pana," aliimba na kuzunguka. Jirani akijibu "Basi," alirudi kwenye kazi yake bila kununa. Na mchwa aliyechakaa, aliyeumia vibaya asiweze tena kazi, aliwapa wenzake mikono, akaenda chumba cha uyoga, akalala moja kwa moja. Hakuna aliyemsukuma. Uyoga uliota juu yake, wenzake wakala, na mwingine akashika nafasi yake. Ndivyo kichuguu kilivyoishi miaka na miaka, hakizidi wala hakipungui.

Na wimbo wenyewe ulikuwa huu. Pokeeni:

*Nijigawe, nijigawe,*
*mmoja tuwe wawili.*
*Jirani kisema basi,*
*natulia, nakubali.*

Tena, kwa sauti! Mnaimba kama mnaogopa kuamsha mtoto.

*Nijigawe, nijigawe,*
*mmoja tuwe wawili.*
*Jirani kisema basi,*
*natulia, nakubali.*

Eeh, sasa nimewasikia.

Katika kichuguu hicho alikuwapo mchwa mmoja jike, jina lake Shumbana. Kazi yake ilikuwa kumlisha Mama. Kila siku alibeba bakuli la uyoga uliopondwa, akapita kwenye ujia, akaingia chumba cha ndani, akamlisha. Mdomo wake, msiniulize. Alisema asubuhi, alisema mchana, na aliposinzia miguu yake iliendelea kusema. Wenzake walimwita Debe.

Jirani yake alikuwa Dugumbi, mwashi. Dugumbi alikuwa mcheshi, mkarimu, kila mtu anampenda. Shumbana akichoka, Dugumbi alimshikia bakuli. Ukuta wa Shumbana ukipata ufa, Dugumbi aliuziba kabla hajaombwa. Nataka mlijue hilo. Hakuwa mtu mbaya.

Sasa, karibu na kichuguu binadamu mmoja alijenga tanuri la mkaa. Moshi ukawa unaingia kwa tundu la juu. Mchwa wengine waliziba pua wakakimbilia chini. Dugumbi alipanda juu. "Moshi huu mtamu jamani," akasema, "unanichangamsha."

Siku ya kwanza alivuta, akakohoa kidogo. Siku ya pili alivuta, akakohoa zaidi. Siku ya tatu alivuta, akapiga chafya kubwa: chyaaa! Na chafya ile ikatoka na mistari miwili ya mwisho ya wimbo wake. Ikapotelea hewani. Yeye mwenyewe hakujua kama imepotea. Nani hukumbuka alichokisahau?

Akateremka, akasimama katikati ya chumba chake, hakubisha, akaanza:

*Nijigawe, nijigawe,*
*mmoja tuwe wawili.*

Akazunguka. Wakawa wawili. Na yule wa pili, kwa kuwa ametoka kwa Dugumbi, wimbo wake ulikuwa nusu vilevile. Wawili wakaimba, wakawa wanne. Wanne wakaimba. Mihayo, wewe unayesoma hesabu shuleni, wakawa wangapi?

— Wanane!

Na wanane?

— Kumi na sita!

Acha hapo, utachoka bure. Wao hawakuchoka.

Shumbana akasikia ukuta unamsukuma mgongoni. Akabisha, ko ko ko. "Dugumbi! Jirani! Basi!"

Dugumbi akachungulia, anatabasamu. "Basi ndiyo nini, rafiki yangu?"

Shumbana akadhani ni utani. Siku iliyofuata kitanda chake kimebanwa. "Dugumbi, nimesema basi!"

"Neno zuri," akasema Dugumbi. "Lina maana gani?"

Siku ya tatu Shumbana alilala amesimama. Akapiga kelele mpaka vumbi likadondoka: "Basi! Basi! Basi!" Na kule upande wa pili akasikia sauti nyingi, zote ni sauti ya Dugumbi, zikiimba mistari miwili, zikirudia mistari miwili. Hapo akajua huu si utani.

Akaenda kwa askari. Askari wakaja na vichwa vyao vikubwa. Wakawanusa watoto wa Dugumbi mmoja mmoja. Mkubwa wao akasema, "Hawa ni wa nyumbani. Wana harufu yetu. Sisi tunakamata siafu."

"Lakini hawafanyi kazi! Hawajengi, hawalimi, hawabebi. Wanakula na kuzunguka, basi!"

"Ni wa nyumbani," akasema askari, wakaondoka.

Basi watoto wa Dugumbi walivyozidi, ubavu wa kichuguu ukaanza kutokeza. Ukatokeza kidogo, ukatokeza zaidi, ukawa mviringo mzuri unaong'aa. Na unadhani wenye kichuguu walisemaje? Walifurahi! Walisema, "Kichuguu chetu kimeota kitambi!"

Msicheke. Nyinyi mkimwona mtu ana kitambi hamsemi maisha yamemkubali? Na wao walisema hivyo hivyo. Wakaalika vichuguu vya jirani. Wakapiga ngoma, wakacheza, wakapiga vigelegele, na mzee mmoja wao akatoa hotuba ndefu kuhusu neema. Dugumbi wakamvika taji la nyasi, akalia kwa furaha. Watoto wake hawakucheza ngoma. Walikuwa wanazunguka.

Siku ileile ya ngoma, Shumbana alibeba bakuli kwenda kwa Mama. Likawa jepesi. Akarudi jikoni, akauliza, wakamwambia chakula wametoa kilekile. Akafuata ujia polepole, akipapasa ukuta, akakuta tundu. Watoto wa Dugumbi walikuwa wamechimba njia yao ya pembeni, na chakula cha Mama kinateremkia huko.

Mama akala kidogo kilichobaki. Akasema, "Shumbana mwanangu, leo umenipunguzia?"

"Hapana, Mama."

Mara ya pili bakuli lilikuwa nusu. Mama akasema, "Mwanangu, nasikia baridi."

Mara ya tatu lilikuwa la kukwangua. Mama alimshika tu mguu Shumbana, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Shumbana alilia. Yule Debe, asiyenyamaza, alilia bila sauti. Alimpenda Mama kuliko chumba chake, kuliko kitanda chake, kuliko hata kusema. Kisha akapangusa uso, akaenda kwa wazee.

Wazee wakasema, "Shusha sauti! Vichuguu vya jirani vikisikia vitasemaje? Juzi tu tumewalisha wali wa kitambi!"

"Kwa hiyo tufe, ila tufe tumependeza?"

"Shusha sauti, Debe."

Hakushusha. Akatoka nje, juani, mahali ambapo mchwa hatoki, kwenda kutafuta msaada.

Akakutana na Kenge. Kenge akauzunguka uvimbe, akatoa ulimi, akasema, "Rahisi. Nileteeni uyoga, nitaupaka tope zuri usionekane." Akaletewa uyoga, akapaka, uvimbe ukapendeza. Baada ya siku chache tope likapasuka.

Akakutana na Tumbili. Tumbili akajikuna, akasema, "Rahisi. Nileteeni uyoga. Kisha msiutazame. Uvimbe usiotazamwa huona haya ukaondoka." Akaletewa uyoga, akala wote palepale, akapanda mti. Uvimbe haukuona haya. Ulizidi.

Akabaki mmoja tu wa kumwendea. Nikilitaja jina lake, mchwa wote wa dunia hujificha. Muhanga! Mwenye masikio marefu, kucha za jembe, na ulimi wa kunata. Maisha yake yote hajala kingine ila mchwa.

Shumbana akapiga moyo konde. Akamkuta Muhanga amelala mlangoni kwa shimo lake.

"Hodi hapa."

Muhanga akafungua jicho moja. "Bibi, umepotea njia?"

"Sikupotea."

"Unajua mimi nakula nini?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Pale kwetu kuna uvimbe, na Mama yetu anakufa njaa."

Muhanga akakaa kitako. Hakucheka. Akauliza: umeanza lini, uko upande gani, unazidi kwa kasi gani? Shumbana akajibu yote, na kwa mara ya kwanza mdomo wake mrefu ukafaa, maana hakuacha hata kitu kimoja.

"Sikiliza," akasema Muhanga. "Naweza kuuchimba. Lakini sikufichi. Kucha zangu ni nene, wazima nao wataumia. Ubavu utabaki na shimo. Na chumba chako kimepakana nao, hakitapona."

"Chimba."

"Na jambo moja linanisumbua. Watoto wa Dugumbi wana harufu kama yenu. Nitajuaje pa kuanzia na pa kukomea?"

Shumbana akafikiri. Na hapo Debe akacheka, akacheka mpaka Muhanga akafungua jicho la pili.

"Una masikio, wewe?"

"Huyaoni?"

"Basi kesho njoo uyalaze ukutani. Sisi tutaimba. Penye mistari minne, usiguse. Penye miwili, chimba!"

Akarudi mbio. Akabisha kila ukuta, ko ko ko, akawaambia wote. Wazee wakasema ni wazimu, kumwita Muhanga kwa mdomo wako mwenyewe! Lakini wazee walikuwa wamesinzia kwa baridi, hata kukataa hawakuweza vizuri.

Kulipokucha, ardhi ikatikisika. Muhanga amefika. Akapiga magoti, akalaza sikio lake refu kwenye kichuguu. Mchwa wote wakatetemeka. Sauti ya Shumbana ikatoka ya kwanza, na wengine wakaipokea. Na nyinyi ipokeeni, ndiyo mnaokoa kichuguu!

*Nijigawe, nijigawe,*
*mmoja tuwe wawili.*
*Jirani kisema basi,*
*natulia, nakubali.*

Muhanga akasogeza sikio kulia. Minne. Akasogeza juu. Minne. Akalisogeza kwenye ubavu, akasikia, *Nijigawe, nijigawe, mmoja tuwe wawili, nijigawe, nijigawe,* bila kupumua, bila kutua. Akachora mpaka kwa ukucha.

Mle ndani askari nao walikuwa wanasikiliza. Wakaacha kunusa, wakatega masikio. Na unajua walisikia nini mlangoni kwa Mama? Nusu ya wimbo! Mtoto mmoja wa Dugumbi alikwishahama, ametulia gizani, anajiandaa kuzunguka. Askari wakamkaba palepale. "Kumbe ndiyo alama yao!" akasema mkubwa wao, na kichwa chake kikubwa kikainama kwa aibu.

Kabla ukucha haujashuka, Shumbana alikimbia kwenye ukuta wake. Akabisha kwa mara ya mwisho.

"Dugumbi, jirani yangu. Imba mstari wa tatu. Nakuomba. Jaribu tu."

Dugumbi akaacha kuzunguka. Akajaribu. "Jirani..." akasema. "Jirani..." Akakunja uso, akatafuta, akatafuta. "Rafiki yangu, naona kama kulikuwa na kitu hapa."

"Kilikuwapo," akasema Shumbana.

"Kilikuwa kizuri?"

"Kizuri sana."

Dugumbi akanyoosha mkono kwenye ufa aliouziba mwenyewe zamani. Shumbana akaushika, akauachia, akakimbia. Na Muhanga akachimba.

Alichimba vumbi likafunika jua. Uvimbe ukaondoka na watoto wote wa Dugumbi, na Dugumbi, na taji lake la nyasi. Chumba cha Shumbana kikaondoka. Wazima kadhaa wa mpakani wakaondoka pia, na walililiwa. Kichuguu kikabaki kimeinama upande, na shimo ubavuni. Vichuguu vya jirani vikanong'ona. Vinong'one!

Shumbana akaziba lile tundu la ujia. Akapokea bakuli, akaliinua. Lilikuwa zito! Akaingia kwa Mama, akamlisha kidogo, akamlisha tena. Mama akafumbua macho. Joto likatoka mle ndani, likapita kwenye ujia, likapanda mpaka tundu la juu, na kichuguu kizima kikapiga miayo, kikaamka, kikadai chakula.

Lo, ngoma iliyopigwa siku hiyo! Ile ya kitambi ilikuwa mazoezi tu. Hata Muhanga alicheza, kwa mbali, kwa heshima ya wenyeji. Na tangu hapo, kila msimu alirudi, akalaza sikio ukutani, nao wakamwimbia mistari minne. Akiisikia yote alisema, "Kwaherini," akaenda kula kwingine. Mvua ziliponyesha waashi wakajenga. Kovu halikufutika, lakini kichuguu kilisimama.

Sasa acheni mahindi kidogo mnisikilize.

Mwili wako ni kichuguu kile. Ndani yake wamo wadogo wasioonekana kwa macho, wataalamu wanawaita seli. Wanajigawa kila siku, kidonda kinapona, mtoto anakua. Wanajua kuanza, wanajua kukoma. Siku mmoja wao akisahau kukoma, akazaa wenye wimbo nusu, ndiyo saratani hiyo. Wakati mwingine ni moshi wa tumbaku. Wakati mwingine hakuna sababu inayojulikana, mstari umepotea tu. Kwa hiyo mgonjwa usimnyooshee kidole. Dugumbi hakuwa mtu mbaya.

Wala si kila uvimbe ni huo. Lakini nani atakuambia? Si Kenge na tope lake, si Tumbili. Nenda hospitali mapema, wenye masikio wasikilize. Usione haya, usiusifie, usiufiche. Hilo ndilo funzo.

Limi, unanitazama nini? Unataka kuuliza kwa nini Bibi analalia upande mmoja, kwa nini gauni lake limelegea huku kushoto. Uliza, mjukuu wangu. Shangazi zako hawa walinikataza nisiseme. Walisema, mama, watu watasemaje?

Mimi ndicho kichuguu kilichochimbwa ubavu. Titi moja lilikwenda. Muhanga wangu alivaa koti jeupe, na mikono yake ilikuwa myororo. Nililia, sikufichi. Nikaamka nina njaa, nikaagiza ugali na mlenda, nikamaliza sahani, muuguzi akacheka. Na kila msimu narudi kwake, ananisikiliza, ananiambia, "Bibi, kwaheri, nenda nyumbani." Nami naja nyumbani, nawakuta nyinyi, napukuchua mahindi kwa mkono mmoja na nusu. Nani hapa amefurahi kuliko mimi?

Njoo uguse kovu, Limi. Haliumi. Na yeyote hapa mwenye kitu anachokificha chini ya kanga, nitamsindikiza mimi mwenyewe, kesho asubuhi, basi la kwanza.

Na wewe Kabula, shangazi yake, mbona umeacha kupukuchua? Haya mwanangu. Sogea hapa kwa mama. Tutakwenda wote.

Wengine, imbeni. Mistari yote, mtu asinikatie!

*Nijigawe, nijigawe,*
*mmoja tuwe wawili.*
*Jirani kisema basi,*
*natulia, nakubali.*

Hadithi yangu imetembea, imefika mlangoni, imevua viatu. Imejaa?

— Imejaa!

Tuizidishe?

— Basi!

Natulia, nakubali.